Bi Kanga na Migongo Arobaini ya Shashi

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri, jamani. Hadithi ya leo ina mzigo mzito na mimi siubebi peke yangu. Na wewe uliyehama mwezi uliopita, kabati likafika na milango ikabaki njiani, usijifiche huko nyuma. Sogea mbele, habari zako zinakuja. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, zama ambazo wanyama walilipana kwa manyoya na kwa fadhila, palikuwa na Bi Kanga. Msimfikirie kanga huyu mnayemwona leo na kichwa chake kama kimenyolewa kwa wembe butu. Kanga wa siku zile alikuwa na kishungi kirefu kichwani. Shingo yake ilikuwa na manyoya mazito yenye madoa, safu juu ya safu. Akipita, watu husimama wakamtazama. Naye akijua wamesimama, hupunguza mwendo.

Bi Kanga alikaa bonde la Kitopeni, kando ya mto. Mwaka mmoja nyuma alikuwa ameatamia mayai tisa. Mto ukafurika, ukayazoa yote tisa, akabaki amesimama kwenye tope akiita wasioitika. Mwaka huu alikuwa na mayai kumi na mawili. Aliapa kwamba safari hii hakuna hata moja litakalokwenda na maji.

Asubuhi moja akawaona sisimizi. Safu ndefu, tii, tii, tii, wanavuka mto juu ya gogo kuelekea Kilima Kokoto. Kila mmoja na yai lake mdomoni.

"Jirani zangu," Bi Kanga akauliza, "mnakwenda wapi?"

Kimya. Tii, tii, tii.

"Nawauliza nyinyi. Mnakwenda wapi?"

Sisimizi mmoja akasimama. Akalitua yai lake chini, taratibu.

"Utuwie radhi, mama," akasema. "Mdomo ukibeba hausemi. Tunahama. Keshokutwa mto unapanda."

"Na hamna wa kuwabebea?"

Sisimizi akamtazama kama aliyeulizwa nani humtafunia chakula chake. Akalichukua yai, akaendelea na safari.

Bi Kanga akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka, maana sisimizi hawakosei habari za mvua. Mnajua msemo: kanga hazai ugenini. Yeye alikuwa ameshazaa, tena bondeni. Kwa hiyo mayai yalikuwa lazima yahame, na yahame yakiwa na joto. Ganda la yai la kanga ni gumu, halivunjiki ovyo. Linaloliua ni baridi.

Akayafunika kwa nyasi, akakimbia kwa Punda.

Punda ndiye aliyekuwa mchukuzi wa bonde zima. Mgongo wake ulikuwa na sugu huku na sugu kule, na sehemu nyingine nywele zilishakataa kuota. Alikuwa anatafuna nyasi. Hakuacha.

"Mzee Punda, nataka kuhama. Mayai kumi na mawili, hadi Kilima Kokoto. Kesho."

Punda akatafuna. Akameza.

"Kesho nina mzigo wa Nguchiro. Keshokutwa alfajiri naweza. Nitakuja, nitaunyanyua mzigo mbele ya macho yako, nitautamka. Nikiona unanishinda, nitaukataa."

"Utaukataa?"

"Nitaukataa hapohapo. Si njiani. Na ujira wangu, unitoe kupe siku saba."

Basi. Hakuna karibu kiti, hakuna umependeza Bi Kanga. Desturi ya kule ilikuwa hivyo: mchukuzi hunyanyua mzigo mara moja, mwenye mzigo akiona, kisha hutaja kwa sauti amebeba nini, cha nani, mpaka wapi. Iliitwa kutamka mzigo. Lakini Bi Kanga alirudi nyumbani moyo umemshuka. Keshokutwa ndiyo siku ya mto. Na hata hivyo, si husemwa shukrani ya punda ni mateke? Mnyama akishatungiwa methali moja, hasafishiki tena. Ajapobeba bonde zima, watu watakumbuka teke.

Akiwa njiani, pruu, ndege akatua mbele yake. Ndege mdogo, mdomo mwekundu, kifua mbele. Ni Shashi, yule anayekaa migongoni mwa nyati na vifaru akiwadonoa kupe. Shashi husikia kila habari, maana hulala jirani na masikio ya wakubwa.

"Bi mkubwa," akasema, "shikamoo. Kishungi hicho. Kweli bonde hili halikustahili."

"Marahaba," akasema Bi Kanga, na mwendo ukapungua wenyewe.

"Nasikia unahama, na nasikia umekwenda kwa Punda. Sikulaumu. Usiyemjua hujui kumtafuta. Mimi ndiye mwenye migongo."

"Migongo gani?"

"Arobaini. Tazama kule."

Kule uwandani palikuwa na kundi la nyati, wanakula nyasi kimya.

"Ule mkubwa, wangu," akasema Shashi. "Ule wa pembeni, wangu. Ule wenye tope wangu pia, ila leo haujaoga. Na sijakutajia vifaru. Unataka kuhama lini?"

"Kesho."

"Kesho ni yako."

Hakuwa amesema uongo mkubwa, wenzangu. Kweli alilala juu ya migongo ile, alikula juu yake, alizeekea juu yake. Mtu akikaa sana juu ya kitu cha mwenzake huanza kukiita changu. Hata humu ndani wamo, ila sitawataja.

"Na huyo mchukuzi atanyanyua mzigo mbele yangu? Atautamka?"

Shashi akacheka, chri, chri, chri. "Bi mkubwa, mambo ya kizamani hayo. Mzigo ukishakuwa mikononi mwangu, umefika."

Bi Kanga hakuuliza mikono ipi.

"Kuna arbuni ndogo tu," akaendelea Shashi. "Ya kushikia nafasi. Migongo inagombaniwa msimu huu. Nipe kishungi."

"Chote?"

"Kitaota tena. Mayai je, yataota?"

Neno hilo lilimwingia. Bi Kanga akainamisha kichwa. Nyo, nyo, nyo, kishungi kikaondoka. Akamtumia Punda salamu kwamba asisumbuke, amepata mwenye migongo arobaini. Punda alipopewa salamu akauliza, "Amemwona akinyanyua?" Aliyetumwa hakujua. Punda akarudi kwenye nyasi zake.

Kesho yake alfajiri Bi Kanga alikuwa tayari. Tenga limesukwa, nyasi laini ndani, mayai kumi na mawili katikati, na yeye juu yake. Jua likachomoza. Shashi akaja.

"Mgongo uko njiani."

Jua likapanda. Shashi akaja.

"Mgongo uko njiani, bi mkubwa. Umevuka kichaka."

Jua likafika utosini. Mawingu nayo yakaanza kujikusanya juu ya milima, meusi. Shashi akaja tena, na safari hii amekuja juu ya Nyati. Nyati mwenyewe alikuwa anapiga miayo.

"Sasa bi mkubwa, kuna jambo dogo," Shashi akasema kwa sauti ya chini. "Niliahidi mgongo, nimekuletea mgongo mnene. Mgongo mnene una gharama yake. Nyongeza ni manyoya ya shingoni."

"Hatukusema hivyo jana."

"Jana hakukuwa na mawingu."

Bi Kanga akatazama milima. Akatazama mayai. Nyo, nyo, nyo. Shingo ikabaki tupu, upepo ukaipuliza, na ndipo alipojua shingo yake ni nyembamba kiasi gani.

Nyati akaingiza pembe kwenye kamba ya tenga, akalitupia mgongoni, pu. Hakulinyanyua kwanza kulipima. Hakutamka kitu. Hakumtazama mwenye mzigo. Akaondoka, na Bi Kanga akawa anakimbia nyuma yake kwa miguu, akiita, "Bwana Nyati, nipandishe. Bwana Nyati, mayai yanapoa." Lakini masikio ya Nyati yalikuwa yamekaliwa na Shashi, ambaye alikuwa anaimba.

Wakafika kwenye kivuko cha mto. Pale kivukoni pana tope. Tope zuri, jeusi, zito. Sasa nyie mnamjua nyati na tope. Hakusema nawaacha kidogo. Alipinda magoti, akajilaza ubavu, tupwii. Akagaagaa kulia. Akagaagaa kushoto. Tenga likaporomoka, likabingirika, na yai moja likatoka likaenda kwenye dimbwi. Chubwi.

Bi Kanga aliingia dimbwini na miguu yake mifupi. Alilitafuta kwa kucha, hakuliona. Alilitafuta kwa mdomo. Alipolipata lilikuwa halijavunjika, ila lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Akalirudisha kati ya wenzake, akawakalia wote, akitetemeka.

"Bwana Nyati, umemwaga mayai yangu."

Nyati akafungua jicho moja. "Mayai gani?"

"Uliyobeba."

"Mimi nimebeba kanda la usufi. Ndege kaniambia, kuna kanda la usufi, lifikishe mtoni. Hapa si mtoni?"

"Makubaliano yalikuwa Kilima Kokoto."

"Makubaliano na nani?"

"Na Shashi."

"Basi mdai Shashi, mama. Mimi na wewe ndiyo kwanza tunasemezana."

Nyati hakuwa mkorofi. Wahenga wamesema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na yeye alikuwa ameambiwa hivyohivyo, kavukavu. Alibeba usufi, akautua kama unavyotuliwa usufi. Alipomaliza kugaagaa akainuka, akajikung'uta, akaenda zake kula nyasi.

Bi Kanga akamgeukia Shashi, aliyekuwa ameruka mapema akatua kwenye tawi.

"Shashi, yai langu limeingia majini."

"Pole sana, bi mkubwa. Nimeumia kama wewe."

"Ulisema mzigo uko mikononi mwako."

"Mimi?" Shashi akanyanyua bawa moja, kisha la pili, akamwonyesha. "Tuseme kweli. Umeniona mimi nikibeba?"

Hakumwona. Hilo ndilo lililomkata maini. Aliyekubaliana naye hakubeba, na aliyebeba hakukubaliana naye, na katikati yao palikuwa na dimbwi na yai lake. Tone la kwanza la mvua likampiga kichwani, pa, pale kilipokuwa kishungi. Aliona baridi, lakini aliona haya zaidi.

"Usikate tamaa," Shashi akasema. "Nina mgongo mwingine. Huu ndio hasa niliokuwa nakuwekea. Utakuja sasa hivi. Nipe tu manyoya ya kifuani, yale laini."

Maji ya mto yalikuwa yameshaanza kulamba nyasi za kivukoni. Bi Kanga akatazama kifua chake. Chini ya manyoya yale mayai yalikuwa yanapata joto, yote isipokuwa moja. Akakumbuka wale tisa.

"Ya kichwani nilikupa," akasema. "Ya shingoni nilikupa. Yale yalikuwa yangu, nilikuwa na haki ya kuwa mjinga nayo. Haya si yangu. Ni ya hawa walio chini yangu."

"Bila hayo mgongo hauji."

"Basi nitakaa hapahapa. Hapa ni kivukoni, kila mnyama anapita. Atakayeniuliza manyoya yangu yamekwenda wapi, nitamjibu. Hata maji yakinifika mdomoni nitakuwa najibu."

Shashi akatazama kivuko. Dalali hana shamba, hana zizi, ana jina tu. Likiharibika hilo, hana pa kulala. Akaruka, pruu, akapotelea kwenye mvua.

Aliporudi alikuwa amesimama juu ya mgongo, kifua mbele.

"Bi mkubwa, nimekuletea mgongo bora kuliko yote arobaini."

Bi Kanga akautazama mgongo ule. Sugu huku, sugu kule, na sehemu nyingine nywele zimekataa kuota.

Ni Punda. Ametoka kufikisha mzigo wa Nguchiro, analowa.

Punda akasimama mbele ya tenga. Hakusalimu. "Mwenye mzigo ni nani?"

"Mimi hapa," Shashi akasema. "Tumeshakubaliana mimi na wewe."

"Basi unyanyue, nione."

"Ninyanyue mimi?"

"Aliyepokea mzigo huunyanyua. Ndiyo desturi."

Shashi akashuka. Akaliuma tenga kwa mdomo wake mwekundu, akapiga mabawa. Pu, pu, pu. Tenga halikutikisika. Akavuta. Pu, pu, pu. Macho yakamtoka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jana Shashi kukaa kimya, maana mdomo ulikuwa umeshika kazi. Akaachia, akakaa chini akihema.

"Naam," Punda akasema. "Sasa mwenye mzigo ni nani?"

"Ni mimi, Mzee Punda," Bi Kanga akasema, na sauti ilikuwa ndogo. "Ni mayai kumi na mawili. Moja limeingia majini."

"Na hilo nalibeba?"

"Na hilo."

Punda akaingiza shingo kwenye kamba za tenga. Akalinyanyua. Akalitua. Akalinyanyua tena. Kisha akasema kwa sauti, mvua ikisikia na mto ukisikia: "Nimebeba mayai kumi na mawili ya Bi Kanga, moja limelowa, mpaka Kilima Kokoto. Likipotea lolote, niulizwe mimi."

Niulizwe mimi. Bi Kanga hakuwa amesikia maneno hayo tangu alfajiri, na alipoyasikia machozi yakamtoka.

"Usilie, panda," Punda akasema. "Mayai bila mama ni kokoto, na kokoto kule juu zipo za kutosha."

Akapanda, akawakalia wanawe. Shashi naye akaruka ili atue mgongoni. Punda akatikisa ngozi, Shashi akaanguka topeni.

"Wewe nimekubeba miaka yote bila kukutamka," Punda akamwambia. "Leo tembea."

Wakaingia mtoni. Chubu, chubu, chubu. Maji yakafika magotini. Chubu, chubu. Maji yakafika tumboni. Katikati ya mto Punda akateleza, kwato zikatafuta jiwe, tenga likainama, Bi Kanga akafumba macho. Kwato zikapata jiwe. Chubu, chubu, chubu, wakatoka ng'ambo.

Walipokuwa wanapanda kilima Bi Kanga akauliza, "Shashi amekupa nini?"

"Manyoya mawili, marefu. Sikuuliza ya nani."

Bi Kanga akatazama chini. Manyoya yale mawili yalikuwa yamechomekwa kwenye kamba. Aliyajua. Aliyachana kila asubuhi tangu alipokuwa kifaranga.

"Nilimpa kishungi kizima," akasema. "Na shingo nzima."

Punda akapanda hatua kumi. "Mimi niliomba kupe," akasema.

Wakafika juu. Sisimizi walikuwa wameshafika tangu jana, wanajenga. Kulipokucha bonde lote la Kitopeni lilikuwa maji matupu, kama sisimizi walivyosema.

Siku zikapita. Yai la kwanza likapasuka, pi. La pili, pi, pi. Vifaranga kumi na mmoja wakatoka, wakajaa chini ya mabawa yake, na Bi Kanga akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya mto. Yai la kumi na mbili halikupasuka. Akaliatamia siku tisa zaidi. Majirani wakamwambia, mama, hilo ni viza, liache. Hakuliacha. Alitaka kwanza mtu amwambie limekuwaje.

Akamtafuta Nyati. "Yai langu moja limekufa," akamwambia.

"Pole," Nyati akasema. "Lakini mimi sikukubaliana na wewe."

Akamtafuta Shashi.

"Pole sana," Shashi akasema. "Lakini mimi sikubeba."

Akarudi kilimani. Akamkuta Punda amesimama karibu na kiota, amekuja mwenyewe.

"Nasikia unauliza watu habari za yai," Punda akasema. "Mbona mimi hujaniuliza?"

"Nikuulize nini, mzee wangu? Ulilipokea limeshalowa."

"Nililitamka. Niulize."

Bi Kanga akalitazama yai, akamtazama Punda.

"Mzee Punda, yai langu limekuwaje?"

"Nililipokea kivukoni, likiwa baridi," Punda akasema. "Lilikuwa upande wa kushoto wa tenga, upande wa mvua. Nilipoteleza liligonga wenzake, halikuvunjika. Lilifika. Lakini joto lilikuwa limeshaliacha huko nyuma, nami sikuweza kulirudisha. Pole, mama."

Ni hayo tu, wala hayakumfufua mtu. Lakini jioni ile Bi Kanga aliliinua yai, akalifukia kwenye kokoto, akalala usingizi.

Kesho yake akaanza kumtoa Punda kupe. Alimtoa siku saba walizokubaliana, akamtoa na siku ya nane, na vifaranga kumi na mmoja wakajifunza kazi hiyo. Shashi alipokuja kwa Punda kutafuta chakula chake, alikuta mgongo mweupe, hakuna hata kupe wa dawa. Akarudi kwa nyati kusimulia habari za migongo yake. Naye yuko huko mpaka leo.

Kishungi cha Bi Kanga hakikuota tena, na shingo haikuota. Ndiyo maana kanga wote, mpaka kesho, wana vichwa vitupu na shingo tupu, lakini tazameni kifuani: manyoya tele. Na mkipita porini mkawasikia wanaita, kabeba-nani, kabeba-nani, msidhani ni kelele za bure. Mama yao aliwafundisha waulize.

Na nyinyi muulize. Simtukani dalali, wajomba zangu wawili ni madalali na wamekula futari hapahapa. Kazi ya dalali ni kutafuta mgongo, na usiyeujua mji utamhitaji. Lakini dalali ni mdomo, mchukuzi ndiye mgongo. Siku ya kuhama, kabla hujang'oa unyoya hata mmoja, mjue unayeongea naye ni yupi kati ya hao wawili, na umwone atakayebeba akinyanyua. Kisha umuulize neno moja tu: mzigo ukipotea, naulizwa nani? Akikuonyesha mtu mwingine, funga kishungi chako uende zako.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayetaka kwenda nayo nyumbani aichukue, ila ainyanyue kwanza hapa mbele yangu, nimwone.